Laptop Mpya ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu anakaa Luvungi, kando kabisa ya barabara ya kwenda Bukavu, na sidhani kuna kwaya katika bonde letu lote ambayo haijawahi kuvaa kitu kilichopita mikononi mwake. Anashona tangu alipokuwa msichana. Lakini kilichomjulisha mbali ni mashine ya kudarizi, ambayo yeye huiita broderi: mashine nzito, nyeupe, inayochora kwa uzi njiwa, misalaba, maua na majina ya vikundi vya kina mama mgongoni mwa vitenge. Mashine hiyo haijui kuchora yenyewe. Inapokea michoro kwa waya kutoka kwenye kompyuta.

Kwa miaka mingi kompyuta hiyo ilikuwa laptop nene, iliyofifia rangi pale viganja vinapokaa. Msimu mmoja wa mvua bati la karakana yake ya kushonea likavuja mahali pabaya, na maji yakaingia kwenye vibonye vyake. Diski ilipona na michoro yote ikapona, lakini laptop yenyewe haikuwaka tena.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, anaishi ng'ambo. Alipopata habari hakungoja kuombwa. Alimpa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani laptop mpya kabisa, nyepesi kama sahani ya plastiki, na mama akaipokea kwa wimbo. Shida ilianza tulipoweka programu ya kudarizi. Ilifunguka, ikatuonyesha dirisha lake nusu, ikajifunga. Tukajaribu tena, ikafanya vilevile. Waliotengeneza mashine ile walikwisha kuisahau zamani, na programu yake ilijua kuishi ndani ya sisitemu moja tu, yaani mfumo unaoendesha kompyuta, ile iliyokuwa katika laptop ya kwanza.

Mimi nafundisha informatiki, somo la kompyuta, katika shule moja ya sekondari mjini Uvira. Kwa hiyo Jumapili moja, mbele ya wakwe wote, tumeshiba bugali na samaki wa mukeke wa kuchoma, nilijikuta nikisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Si shida. Tutaondoa sisitemu mpya, tutatia ile ya zamani. Ni kazi ya saa moja."

Mke wangu alinitazama kidogo, akaendelea kukusanya sahani. Tulipokuwa tunarudi Uvira ndipo akaniuliza, "Saa moja ya kwenye saa, ao saa moja ya mu kinywa?"

"Ya kwenye saa," nikamjibu.

Jumamosi iliyofuata tulirudi Luvungi pamoja, nikiwa na flashi yenye sisitemu ya zamani mfukoni. Karakana ilijaa vitenge vya bluu. Kwaya ya kina mama wa Luberizi walikuwa wamevileta kwa ajili ya sikukuu ya parokia yao, na kila kitenge kilitakiwa kupata njiwa mgongoni na jina la kwaya chini yake. Mama mkwe alikuwa ameanza kudarizi kwa mkono. Njiwa wa kwanza alikuwa mzuri, lakini alikuwa peke yake, na vitenge vilifika hadi dirishani.

Ni lazima niseme kwamba kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa mbali. Mama huyu alilishika jambo hilo kwa nguvu zote. Tangu nimuoe binti yake, alikuwa hajawahi kunielekezea neno moja kwa moja. Tulikuwa watu watatu ndani ya chumba kimoja kidogo, yeye kwenye cherehani, mimi mezani, na mke wangu katikati kama posta.

"Muulize mukwe wangu kama jua halimuchome," mama anasema.

"Mama anauliza kama jua halikuchome."

"Mwambie mama niko muzuri."

"Anasema iko muzuri."

"Nimesikia," mama anasema, na cherehani inaendelea.

Nilichomeka flashi nikawasha laptop. Haikuitazama hata kidogo. Ilipita moja kwa moja hadi kwenye sisitemu yake mpya, ikanikaribisha kwa Kifaransa chenye adabu. Nikaizima, nikaingia katika ukurasa ule wa chini kabisa, wa kabla ya sisitemu kuamka, nikatafuta kufuli linalokataza sisitemu zisizotambulika, nikalifungua. Nikawasha tena. Safari hii nembo ya zamani ikatokea juu ya kioo, na moyo wangu ukafurahi kama wa mtu aliyemwona rafiki wa shule kwenye bandari ya Kalundu.

Furaha hiyo haikufika mbali. Ukurasa wa kwanza ulipotokea, mshale ulikuwa umesimama katikati ya kioo. Niligusa kibao cha vidole, mshale haukutikisika. Nikachomeka panya wa kompyuta niliyekuja naye, taa yake haikuwaka. Vibonye peke yake ndivyo vilivyonitii, nikatembea navyo polepole kutoka neno hadi neno. Kisha nikafika mahali ambapo sisitemu iliniambia kwamba haioni pa kuendelea: flashi ileile ambamo yenyewe ilitoka, sasa haikuijua, na diski ya laptop nayo haikuiona. Jambo hilo lina maelezo rahisi, ambayo mwalimu wa informatiki alipaswa kuyafikiria kabla ya kusema saa moja. Sisitemu ile ilitengenezwa wakati milango ya flashi ya aina hii na diski za aina hii hazijazaliwa. Ilikuwa kama mgeni aliyeingizwa nyumba ya watu asiowajua, hajui mlango uko wapi.

Nilijaribu mlango mwingine wa flashi. Nilijaribu flashi nyingine. Jua lilihama dirishani. Katika hali hiyo ndipo simu ya mke wangu ikaita, na sura ya shemeji yangu ikajaa kwenye kioo, amevaa kofia ya sufu. Alitaka kuiona laptop yake ikifanya kazi. Mke wangu, ambaye hajui kudanganya, akageuza simu kuelekea mezani.

"Iko nafanya nini pale?" shemeji akauliza. "Ile ni nini nyeusi?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukaendelea kurefuka.

"Yani minye nilitafuta kitu kya kisasa kabisa, na weye uko natia mo sisitemu ya wakati tuko ku shule? Shemeji, ulisoma wapi?"

Alisema kwa kucheka, lakini kicheko chake kilikuwa na mfupa ndani. Kioo nyuma yangu kilikuwa bado kinasema hakioni kitu. Cherehani ikanyamaza. Mama mkwe akasimama, akajifunga kitenge chake vizuri, akaja akachukua simu mkononi mwa binti yake.

"Mwanangu, asante sana kwa zawadi," akasema. "Mungu akuzidishie. Lakini ile ordinateri ilikuja kwa kunisaidia kazi. Haikuja kwa kutuonyesha vile iko mupya. Umwache mukwe wangu. Ile anafanya anaijua."

Shemeji akaomba msamaha, akacheka vizuri sasa, akaaga. Mama akairudisha simu. Halafu akafanya jambo ambalo lilimfanya mke wangu ageuke mzima mzima: akanitazama mimi.

"Unaijua, shi?" akaniuliza.

Nilisimama bila kujua kwa nini nasimama.

"Leo siijue bado, mama," nikasema. "Lakini nitaijua."

"Basi ni vizuri," akasema. "Minye pia njiwa wa kwanza nilimufumua mara mingi." Akarudi kwenye kiti chake akaendelea kushona, na baada ya hapo, mchana wote, maneno yalitoka kwake hadi kwangu bila kupitia posta. Mke wangu alilalamika kwamba amepoteza kazi.

Tulirudi Uvira na laptop ndani ya begi, imefungwa katika kipande cha kitenge cha bluu. Siku iliyofuata baada ya misa nilikwenda kwa rafiki yangu mmoja, mwanamke tuliyesoma naye, ambaye sasa ana duka la kupiga chapa na kutengeneza kompyuta karibu na soko la Mulongwe. Nilipomweleza alicheka hadi akaweka kalamu chini.

"Na weye ulienda bila piloti?"

Piloti, kwa sisi tuliosoma kwa Kifaransa, ni vile vijiprogramu vinavyoifundisha sisitemu kuongea na kila kiungo cha kompyuta: huyu ni panya, ile ni diski, huu ni mlango. Mimi nafundisha jambo hilo kwa wanafunzi wangu kila mwaka. Lakini kufundisha ni kitu kimoja na kusimama mbele ya mama mkwe ni kitu kingine.

Tulikaa nyuma ya duka lake, kati ya mashine ya fotokopi na ndoo ya ndakala wabichi, dagaa wa ziwani, aliyomnunulia mama yake. Intaneti ilikuja ikaondoka, ikaja ikaondoka. Tulipata piloti za milango mipya, zilizotengenezwa kwa sisitemu ya zamani na watu wenye huruma ambao sitawajua kamwe. Piloti ya diski ilitusumbua zaidi. Ya kwanza tuliyoipata ilikuwa ya diski nyingine, ya pili ilikuwa imeharibika njiani. Rafiki yangu alikumbuka moja aliyoihifadhi alipomtengenezea mteja, akaipekua mpaka akaitoa. Tukazichanganya zote ndani ya flashi, pamoja na sisitemu, kama mtu anayetia chumvi ndani ya unga kabla ya kukanda, na wala si baada ya mkate kuiva. Kisha tukaijaribu palepale. Mshale ukatembea. Diski ikajitokeza kwenye kioo na ukubwa wake wote. Rafiki yangu alipiga meza, ndakala wakaruka ndani ya ndoo.

Ningeweza kumalizia kila kitu pale dukani, lakini sikutaka. Nilitaka mama aone. Masomo yalipokwisha siku moja ya katikati ya juma nilipanda taksi peke yangu hadi Luvungi, nikaketi kwenye meza ileile, nikaanza upya. Mama alisogeza kiti chake akakaa kando yangu, akatazama mstari wa kwenye kioo, unaoonyesha kazi imefika wapi, ukijaa polepole, kama anavyotazama chungu kilicho motoni.

Si kila kitu kilikubali. Sauti haikutoka. Mwanga wa kioo ulikataa kupungua, ukabaki mkali kama taa ya pikipiki. Na intaneti isiyo na waya haikupatikana kabisa. Piloti yake sijaiona mpaka leo. Nilimweleza mama haya yote kwa masikitiko, mojamoja.

"Itaongea na broderi?" akauliza.

"Sasa tutaona."

Tulirudisha michoro yake kutoka kwenye diski ya zamani. Programu ikafunguka, dirisha zima, na safari hii haikujifunga. Nikachomeka waya. Mama mwenyewe akachagua njiwa, akaweka kitambaa kibovu kwenye fremu, akabonyeza. Mashine ikakohoa, kisha sindano ikaanza kushuka na kupanda kwa kasi ile ambayo majirani wote wanaijua, na bawa la kwanza likatokea juu ya kitambaa. Mwanamke aliyekuwa anauza nyanya nje alipiga kigelegele bila kuuliza ni kwa ajili ya nini. Mama aliiacha fremu. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akautikisa.

"Basi ile ingine, ya intaneti, ikae hivyo hivyo," akasema baadaye, akiwa anakata nyuzi. "Watoto wa hapa hawatakuja kuniomba niwaonyeshe mupira."

Kwaya ya Luberizi waliingia kanisani siku ya sikukuu yao na njiwa migongoni, kila kitenge na wake. Mimi na mke wangu tulikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, na kwa kuwa kwaya huingia kwa mlango huo na kupita kwenda mbele, tulipata kuwaona njiwa wakipita mmoja baada ya mwingine, wakipanda na kushuka kwa mwendo wa ngoma. Nyuma yangu baba mmoja alimwambia mwenzake kwamba vitenge vizuri namna hiyo lazima vimetoka mji mkubwa, Bujumbura. Mke wangu aligeuka palepale, katikati ya wimbo, akamweleza vimetoka wapi, kwa nani, na barabara ipi ya kufuata.