Muuguzi wa Taa za Ngozi

Mlio wa zile taa za hospitali zinazotibu ngozi yake, kama nyuki mzingani, Elihuruma huusikia hata akiwa kwenye migomba yake kijijini Akheri. Muuguzi anayeziwasha ana macho mekundu ya uchovu. Hugusa magamba ya wagonjwa bila glavu, akirudia kwa sauti inayokwaruza kwamba mwanga huwatuliza askari wa mwili wanaoishambulia ngozi. Leo amekuta mgongo wa Elihuruma umebabuka.

“Baba, umefanya nini tena?”

“Nilijianika juani kama kahawa, nipone upesi. Jumamosi namsindikiza binti yangu kanisani, anaolewa. Washa tu, mwanangu.”

“Mwanga ukizidi, askari wote watalala. Saratani ikija, nani ataizuia?”

Elihuruma aliinama. Muuguzi hakuwasha taa; alimpulizia mgongo taratibu kuupoza.

“Hata hivi ulivyo, baba,” alinong’ona, “binti yako hatakuonea haya.”