Kiungulia kilivyonitoa kwenye sahani ya mama

Wakuu, salaam kwenu, hasa mnaosoma hapa na chakula kiko mbele yenu.

Hili limenikuta mwenyewe na sitalikuza. Kiswahili changu nilikiokota Dar nikifanya kazi, nyumbani kwetu ni Kimalagasi na Kikomoro, so nikikosea mnivumilie.

Nimezaliwa Mahajanga, Madagaska, mwishoni mwa miaka ya sabini, familia ya Wangazija. Mama alikuwa anapika kamba wa Boanamary, kijiji cha wavuvi jirani na kwetu, kwa nazi na pilipili, pembeni bakuli la achari ya embe. Nimekua na harufu hiyo.

Ukubwani nikahamia kisiwa cha Nosy Be, nikawa fundi wa mashine za boti zinazopeleka watalii kisiwa cha jirani, Nosy Komba. Maisha fresh tu.

Nilipofika miaka thelathini na kitu, kifua kikaanza kuwaka. Nikadhani ni moyo. Daktari akanipima, moyo mzima. Akasema ni asidi ya tumboni inapanda juu. Kiungulia.

Nikacheka. Si ugonjwa wa wajawazito huo?

Aisee, sikucheka muda mrefu.

Nikiinama kwenye mashine, maji machungu hayo kooni. Sauti ikawa ya kukwaruza, wateja wakadhani nalewa. Kulala ni kwa kuegemea mito kama niko wodini, mke wangu Zaina yuko kule chini, tunaongea kama watu wa ghorofa mbili tofauti. Mialiko nikaanza kuikimbia, maana ukikataa chakula cha mtu lazima ujieleze.

Ila kilichoniuma zaidi ni mama.

Idi moja nilikwenda Mahajanga, akapika vilevile. Nikaonja, nikasogeza sahani pembeni.

Akaniuliza kwa Kikomoro, taratibu: "Mwanangu, siku hizi Zaina anapika kunishinda?"

"Si hivyo, mama. Kifua kinaniunguza."

"Mapishi haya umeyala tangu huna meno. Leo ndiyo yanakuunguza?"

Nikaona macho yake. Nikavuta sahani, nikala yote, na achari nikaongeza.

Alasiri tukaswali pale pale sebuleni. Kwenye sijda ikapanda yote, ikaingia njia ya hewa. Nilikohoa hadi pumzi ikakata, nikatambaa mpaka uani. Mama akaja kunishika mgongo.

"Sasa kwa nini ulikula?"

"Ulikuwa unaniangalia."

Akaenda kuniletea maji.

Kesho yake alipika wali mweupe na samaki wa kuchemsha, hakuna pilipili, hakuna ndimu. Akawapakulia wote nyumbani. Wajukuu wakanung'unika.

"Hiki ndicho chakula chetu," akawaambia, na yeye akakaa akala nami.

Tangu siku ile kila nilipokwenda tulikula hivyo. Kwa mtu aliyependa pilipili kama yeye, nilijua anachokiacha.

Baadaye nilipimwa kwa kamera ya kuingizwa tumboni, nikapewa dawa zinazonifaa. Sigara nikaacha, chakula cha usiku nikakiwahisha, kitanda nikakiinua upande wa kichwa. Polepole hali ikatulia. Leo nakula karibu kila kitu.

Mama alifariki kabla ya hapo.

Nyumba ya mama sasa wanakaa watu wengine. Nikiwa Mahajanga huwa napita. Kama kuna mtu anakaanga vitunguu ndani, nasimama kidogo kama nimepotea njia, halafu naondoka.

Nilichojifunza: kiungulia kisichoisha kipeleke kwa daktari mapema, na kifua kikiuma usijitibu kwa kubahatisha. Halafu waeleze vizuri wanaokupikia, kabla hawajadhani umewachoka.

Miaka ile nilikuwa na mama, tumbo sina. Leo tumbo ninalo.

Wenye hali hii, nyumbani mnakaaje na wenzenu wakati wa kula? Na mlio na wazazi bado, wanawaelewa? Andikeni, nitasoma yote.