Kibao Nilichokinyamazia

Harufu ya hiliki ndani ya gari lililofungwa vioo hunirudisha hadi leo kwenye Barabara ya Allen, Toronto, majira ya baridi nilipokuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amelazwa hospitali ya katikati ya mji, afanyiwe upasuaji wa moyo, na asubuhi hiyo alipiga simu akiomba atuone kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Mama alikuwa na leseni ya wiki tatu. Alinipa chupa ya chai niibane miguuni, akakamata usukani kwa mikono miwili, akaniambia kazi yangu ni kumsomea vibao, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Ila akiwa anasoma dua, nisimkatize. Kwetu Tanga mtoto hamkatizi mama yake kwenye dua, na mila hiyo tulihama nayo.

Kwa hesabu zake njia ilikuwa rahisi. Alikotoka, barabara kubwa lazima ikufikishe mjini, na hii ilikuwa kubwa kweli: inaanzia kaskazini, inapita chini ya barabara kuu namba mia nne na moja, kisha inazama baina ya kuta za zege, treni zikikimbia katikati yake. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba iliwahi kuchorwa ifike mjini, wakazi wa mitaa ya mbele wakaikataa, ikakatwa njiani. Siku ile hatukujua lolote. Magari yalitupita yakirusha tope la theluji kwenye kioo, na mama akaanza dua. Hapo nikakiona kibao: barabara inaishia mbele. Nilikielewa neno kwa neno, na njia ya kuchepukia ilikuwa bado hatujaipita. Nikamtazama, midomo yake inacheza, nikanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulikuwa msururu wa taa nyekundu, magari yamesimama tuli, ukifika mwisho ni kushoto au kulia tu.

"Mji uko wapi?" mama aliuliza.

"Nilikiona kibao, Mama," nikasema nikilia. "Ulikuwa unasoma dua."

Hakunigombeza, na hilo liliniogopesha zaidi. Alishusha kioo akamuuliza dereva wa pembeni. Kuuliza si ujinga, alizoea kusema. Tulihangaika mitaani karibu saa nzima. Tulipofika, kitanda cha baba kilikuwa kitupu. Nesi alisema alitungoja mpaka dakika ya mwisho, macho yake mlangoni. Tulikaa kwenye korido mchana kutwa, chai ikapoa, nami nikiamini kwamba akifa, nimemuua mimi.

Hakufa. Alirudi nyumbani, akanenepa, akawa ananitania kwamba nilimpeleka mama mwisho wa dunia. Wote walicheka, mimi sikuweza.

Siku hizi simu inakutajia kila kona kabla hujaifikia. Mimi ndiye ninayeendesha, mama yuko kando yangu nikimpeleka kliniki, na dua ni ile ile. Tukikifikia kibao kile, mimi hukisoma kwa sauti katikati ya dua yake. Naye hunyamaza, hungoja nimalize, kisha huendelea. Na hata nikiwa peke yangu garini, hukisoma.