Vema Nilizoweka kwa Niaba ya Mama Nyemo

Jamani, aibu nyingine mtu huifukia akaombea isiote, lakini hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Mlali, maana wao wanaisimulia vizuri kuliko mimi.

Mimi natengeneza programu za akili mnemba hapa Dodoma mjini, na wakati huo tulikuwa tunaunda mashine ya kumshauri mkulima kwa simu, anauliza kwa mdomo, inamjibu kwa sauti ya mtu wa kwao. Nikatumwa kijiji cha Mlali kurekodi sauti. Nikawakuta kina mama wanamenya karanga, katikati yao Mama Nyemo, mwenye sauti nzito ya kutuliza, nikaamkia, nikaiweka simu mkekani ikirekodi, nikasema tu nimekuja kwa mambo ya kilimo, wakaendelea na soga. Kila sauti ilitakiwa iwe na fomu ya ridhaa. Ningemweleza kila mmoja ningekosa basi la kurudi, kwa hiyo nilizijaza mwenyewe, penye “amekubali” nikaweka vema, vema, vema (mwalimu gani anasahihisha mtihani ambao haujafanywa?).

Siku ya kuionyesha mashine kijiji kizima kilikuja, spika mbili kubwa, bosi wangu na suti yake, mwenyekiti wa kijiji kiti cha mbele. Mzee mmoja akauliza, “Mvua zenyewe ndizo hizi, nipande nini?”

Mashine ikajibu, sauti ya Mama Nyemo tupu: “Panda mtama. Usimfuate mwenyekiti na mahindi yake, kila mwaka yanakauka na haoni aibu.”

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwenyekiti akasimama. “Mama Nyemo, unanitukana mbele ya wageni?”

Nami, badala ya kunyamaza, nikanyakua kipaza sauti: “Samahani, mashine wakati mwingine hutunga yenyewe.”

Mama Nyemo akainuka taratibu. “Haijatunga. Nilisema mimi, tukimenya karanga. Mwenyekiti, naomba radhi. Lakini wewe binti, uliniuliza kama maneno yangu yaende kwenye spika?”

Bosi akawahi kunitetea, akatoa fomu. “Mama, ulikubali, vema yako hii hapa.”

Akaitazama. “Mimi kusoma sijui baba, kila mahali naweka dole gumba. Hii vema kaweka nani?”

Nikashusha kipaza sauti. “Mimi, mama.”

Nilitegemea matusi. Akasema tu, “Basi futa, halafu uje uulize kama watu wanavyouliza.”

Nikafuta sauti zote palepale, kazi ya miezi, bosi hanitazami.

Wiki iliyofuata nilipita nyumba kwa nyumba. Wengine walikataa, nikashukuru nikaondoka. Mama Nyemo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mambo ambayo ofisini hakuna aliyewahi kuyauliza: nikifa itaendelea kusema kwa sauti yangu? Ikimpoteza mtu akalala njaa, atalaumiwa nani? Akakubali kwa masharti: iongee kilimo tu, na isipojua iseme haijui. Bosi aliyasoma mara mbili, akaagiza tuanze upya kwa masharti hayohayo.

Nimekaa semina nyingi za maadili, zenye chai na vitafunwa, na hakuna iliyonifundisha kama mama yule asiyejua kusoma. Kujibu kwa niaba ya mtu, sirudii tena. Nauliza, nakaa, nasubiri, na basi likiniacha nitalala hukohuko.