Siku Tatu Nilizosema Nimefunga

Nimechoka kuwakwepa watu, acha niseme. Nina kamashine ka zamani ka michezo, ka kushika mkononi. Nilitaka kurekodi mchezo mmoja mzima, na sauti yangu nikielezea. Nikakaunganisha na kompyuta kwa waya, nikaweka mikro ya kunasa sauti mezani. Shida ni parseli yetu, ua mmoja wenye nyumba nyingi: mlango unagongwa kutwa nzima. Basi nikawaambia majirani ninaingia katika mfungo wa siku tatu, maana hapa Kalemie mtu aliyejifungia kuomba hasumbuliwi.

Kweli hawakugonga. Walikuja mmoja mmoja kunieleza shida zao nje ya mlango, nami nikawa naitika tu, macho kwenye mchezo.

Jumapili nikafika kanisani macho mekundu. Mchungaji akanisimamisha mbele ya wote: "Muone Papa Kalonda. Huyu njo muntu wa maombi!" Nilikuwa nimechoka hata nisione haya. Kazi yangu pale ni kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani kwa kompyuta yangu. Nikafungua faili ya kwanza niliyoiona.

Ukutani kikatokea kijitu kinapigana na joka. Kwenye spika ikatoka sauti ya Mama Feza, jirani yangu, ambaye alikuwa ameketi mstari wa mbele: "Papa Kalonda, mutoto yangu eko mugonjwa kule Nyunzu. Muniombee."

"Naomba, Mama, niko naomba," nikaisikia sauti yangu ikijibu.

Kabla sijaufikia waya wa spika, joka likaanguka, na kanisa zima likanisikia humo nikipiga makofi.