Tonge la Mdogo

Nyumbani kwangu Amalemba watoto hula kwenye sinia moja, na hakuna anayegusa chakula kabla mdogo wao hajapata tonge la kwanza. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe, kwa hasira, mwaka niliokuwa na mapacha waliokula kama watu waliotoka kulima. Mkubwa wao ndiye hukata tonge la obusuma, ugali wetu, akalichovya kwenye mchuzi na kumlisha mdogo. Mdogo akimeza, wengine wanavamia. Mimi ni mtu wa kufoka, sikatai, lakini hakuna mtoto aliyewahi kuondoka kwangu na njaa.

Nalea watoto wa watu tangu wangu walipokua wakaondoka. Wananiita Kukhu, yaani nyanya, hata wale ambao nyanya yao ningeweza kumzaa. Huyu ninayemsimulia nililetewa akiwa na miezi mitatu, kwa sababu mama yake huuza kuku sokoni Lubao na kuku hawangoji mtu anyonyeshe. Alijifunza kutembea kwa kushikilia sketi yangu, na sketi mbili zilipasukia mikononi mwake. Nilimfokea, kisha nikamwachia ya tatu.

Alipotimiza miaka minne ikabidi aende nasari. Nilimtayarisha kwa miezi miwili, kazi ambayo najivunia kuijua. Alijua kufunga vifungo vya sweta, kwenda chooni peke yake, kufungua chupa ya maji bila kujimwagia. Na kila asubuhi nilimwimbia wimbo mmoja: wewe sasa ni mkubwa, mtoto mkubwa halii, mtoto mkubwa anaendanga shule. Jumatatu ya kufungua aliingia na sweta iliyofika magotini, na kweli hakulia. Aliyelia ni mimi, nyuma ya ua wa shule, nikisingizia vumbi.

Nasari yenyewe iko hatua chache kutoka kwangu. Walipotoka saa saba alikuwa anakuja kwangu kumngoja mama yake. Wiki hiyo nilianza kuchelewesha chakula cha mchana, eti mboga haijaiva, ili atukute. Alikuwa akifika, ananawa, anamkatia mdogo tonge lake, kisha anakula kama mapacha wale.

Jumatano jioni mama yake alikuja amekunja uso.

"Mama, huyu mtoto hakulangi huko shule," aliniambia. "Uji hagusi, chakula hagusi. Mwalimu anasema anaweka tu mikono kwa mapaja, anaangalianga wenzake mmoja mmoja mpaka sahani zinatolewa. Amesema kama Ijumaa hatakula, akae nyumbani mpaka mwaka ujao."

Nilijua hapo hapo. Nilijua kama ninavyojua chumvi ilipo jikoni kwangu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu nilikuwa nimemlea vizuri mno: alikuwa anamtafuta mdogo, ili amlishe kwanza.

Sikusema. Hilo ndilo ninaloliandika kwa shida. Nilichosema ni hiki: "Labda hajakomaa. Usimlazimishe. Mrudishe kwangu, atasoma mwakani." Mama yake alipoondoka nilikishusha kikombe chekundu cha mtoto, nilichokuwa nimekiweka juu ya kabati alipoanza shule, nikakiosha na kukipanga na vya wenzake. Nilikuwa na furaha. Nilipika chai na kuinywa kwa furaha, mwanamke mzima, huku mtoto wa mwenzangu akikaa na njaa kwa sheria niliyoitunga mimi.

Alhamisi alikuja saa saba kama kawaida. Alimlisha mdogo, akameza matonge matatu bila kupumua, kisha akaniegemea begani.

"Kukhu, huko shule hakuna mtoto," alisema. "Nimemngoja, hajakuja."

Nilisikia aibu mpaka masikioni.

Ijumaa nilimwachia jirani watoto, nikaenda nasari wakati wa chakula. Nilimweleza mwalimu jambo lote, isipokuwa zile siku mbili nilizokaa kimya, kisha nikapiga magoti kando ya meza ndogo. Walikuwa watoto wanane, kila mmoja na sahani yake ya wali na maharagwe. Wangu alikuwa ameweka mikono mapajani.

"Nionyeshe mdogo wa meza hii," nikamwambia.

Aliwakagua wote. Akamwonyesha mvulana mwenye kamasi.

"Huyo amekushinda kichwa kizima. Simameni muone." Wakasimama wote wanane, kwa kelele nyingi, na ikaonekana. "Mdogo ni wewe."

"Mimi ni mkubwa," alisema, na mdomo ukaanza kutetemeka. "Wewe ndio ulisema."

"Nilisema. Kwangu wewe ni mkubwa kuliko wote. Hapa wewe ndio mdogo, na mdogo ndiye anaanzanga."

Kisha, badala ya kushika kijiko, alifumba macho na kufungua kinywa, jinsi mdogo wetu anavyofanya. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Nikaurudisha na kuukalia. Mwalimu, Mungu ambariki, alielewa kuliko mimi: alimpa kijiko msichana aliyekuwa mrefu kuliko wote mezani, na yule msichana akamlisha kwa makini sana, akimshika kidevu. Wali ulimezwa. Watoto wengine wakainamia sahani zao, na wangu naye akainamia yake. Hakunitazama tena. Nilijivuta nikasimama, magoti yakilia, nikatoka bila kuaga.

Saa saba alifika kwangu akikimbia. Sinia lilikuwa tayari. Alinawa, akakata tonge la obusuma, akalichovya, akalipuliza, akamlisha mdogo. Wengine wakavamia. Yeye alifuta mkono kwenye sweta na kurudi nyuma.

"Njoo ule," nikamwambia.

"Nimeshiba, Kukhu," alisema, na akaenda kucheza.

Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nilimwambia ni vizuri. Kisha nikaketi chini na kula sehemu yake mimi mwenyewe, kwa hasira, mpaka sinia likaonekana.