Siku Sita za Njuguna

Kwa miaka kumi na sita Waithera alizunguka vijiji vya Mau Narok na begi la bluu begani, akiingia nyumba kwa nyumba kuwaona akina mama waliotoka kujifungua. Hakuwa nesi. Alikuwa mkulima wa viazi kama majirani zake, ila alifunzwa uhudumu wa afya wa kijiji kwa wiki chache, akapewa mizani na daftari. Hata hivyo, akisema neno kuhusu mtoto mchanga, neno hilo lilishikwa. Na alilolisema kuliko yote ni kwamba chupa isiingie nyumba yenye mtoto wa ziwa.

Alikuwa na sababu. Miaka ya mwanzo aliwaona watoto wakiharisha mpaka macho yakazama, kwa sababu ya chupa zilizosuuzwa kwa maji ya mtaro na maziwa yaliyotiwa maji hadi yakapoteza rangi. Mmoja alimfia mikononi. Tangu hapo chupa ya mtoto ilikuwa kwake kama nyoka ndani ya nyumba.

Mwanawe wa pekee, Kamande, fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano, alimwoa Chepngeno kutoka Kuresoi, msichana mwenye maneno machache na mkono mwepesi wa kazi. Mimba ilipofika miezi minane, Chepngeno alipanga vitu vyake kikapuni: shali, nepi, sabuni, na chini kabisa chupa mbili na kopo la maziwa ya unga alivyonunua Nakuru mjini. Dada yake alichelewa kupata maziwa alipojifungua, naye akaona heri ajiweke tayari.

Waithera aliviona akikunja shali. Hakugomba. Alimweleza kwa upole kwamba chupa ikiwa karibu mama huishiwa na subira upesi, na ziwa lisiponyonywa hukauka. Kisha akavitoa, akavituma kwa shemeji yake mwenye duka kule Rongai. Chepngeno alivitazama vikitoka.

"Sawa, Mama," akasema.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji hospitalini, na Chepngeno akapoteza damu nyingi. Alikuwa mvulana, na kwa desturi ya Wakikuyu akapewa jina la babu yake mzaa baba, Njuguna, mume wa Waithera aliyefariki miaka minne nyuma. Waithera alimpokea akicheka, akawaambia wanawake waliomsindikiza kwamba mzee wake aliondoka bila meno na amerudi bila meno. Walicheka naye akacheka tena, na baadaye, aliporudi nyumbani, akaenda kulia kidogo jikoni, kwa furaha.

Siku ya tatu waliruhusiwa kurudi nyumbani. Njuguna alinyonya na kulia, akanyonya tena na kulia. Chepngeno, akiwa bado amejishika tumbo kwa maumivu ya mshono, alisema maziwa yake yalikuwa mepesi, hayajajaa.

"Mama, sioni kama anapata kitu."

"Anapata. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Wewe mweke tu."

Siku ya nne mtoto aliacha kulia. Alilala asubuhi, akalala mchana, akiamshwa anavuta ziwa mara mbili tatu na kusinzia tena. Waithera akawasifia majirani utulivu wake, kwamba ni tabia ya babu yake kabisa. Nepi alizomvua hazikuwa zimelowa. Moja ilikuwa na doa jekundujekundu kama vumbi la tofali. Aliliona, akalifikicha kwa kidole, akaiweka nepi kwenye beseni. Katika nyumba ya mtu mwingine angeuliza mtoto amekojoa mara ngapi, na angetoa mizani papo hapo. Mizani ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango wake mwenyewe. Haikumjia akilini kuishusha.

Siku ya tano, kabla ya chai, Chepngeno alimwita kwa sauti ambayo Waithera hakuwahi kuisikia kwake. Mtoto alikuwa hafungui mdomo. Midomo ilikuwa mikavu, ngozi imeingia manjano, na utosi umebonyea kama kisahani. Kamande aliazima pikapu ya jirani, wakashuka kwenye kliniki, ambako nesi Wangare, aliyefanya kazi na Waithera miaka mingi, alimweka Njuguna kwenye mizani. Alizaliwa na kilo tatu na gramu mia mbili. Sasa mizani ilisoma mbili na nusu.

Wangare aliuliza mtoto amekojoa mara ngapi tangu jana. Chepngeno ndiye aliyejibu kwamba hajakojoa.

Walipelekwa Nakuru kwa ambulensi. Madaktari walimwekea maji kidogo kidogo, lakini mwili ulikuwa umekauka mno, na siku ya sita saa tisa mchana Njuguna akafa.

Walimzika nyuma ya nyumba, kando ya babu yake. Watu walikuwa wachache, mchungaji akasoma kwa ufupi, na upepo wa Mau ulikuwa unapeperusha kurasa. Walipokuwa wanaimba, Waithera alimtazama mkwewe na kuona gauni lake limelowa kifuani pande zote mbili. Maziwa yalikuwa yameshuka. Wanawake waliliona pia, wakamshika mkono na kumwingiza ndani. Waithera akafuata na kitambaa safi.

Chepngeno alikipokea mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Nilikuwa nimenunua, Mama," akasema, kisha akafunga mlango.

Wiki iliyofuata alirudi kwa wazazi wake Kuresoi. Waithera naye akabeba begi la bluu hadi kliniki kulirudisha. Alimwomba Wangare amwambie ukweli, kama chupa zile zingemwokoa mtoto.

"Si lazima chupa, hata kikombe kingetosha," Wangare akasema. "Alihitaji kushibishwa siku zile mbili tatu, mama yake akiendelea kumnyonyesha. Na alihitaji mtu wa kumpima. Damu ikipotea vile, maziwa huchelewa. Hilo tulifundishwa sote."

Waithera alisema ndiyo, alifundishwa. Aliliacha begi kwenye benchi. Miezi mitano baadaye Wangare alimrudishia begi nyumbani, kwa kuwa hakukuwa na mhudumu mwingine, naye akalipokea. Aliporudi kazini alizungumza kidogo kuliko zamani. Mama mmoja kijana, Nangila, alimwuliza kama ni vizuri kuwa na chupa nyumbani kabla ya kujifungua. Zamani jibu lingekuwa limetoka kabla swali halijaisha. Safari hii alimwambia aandae kikombe kidogo cha kuchemshwa, anyonyeshe, ahesabu nepi zilizolowa, na zikiwa chache aje mbio, asimngoje mtu yeyote, hata yeye Waithera.

Chepngeno alirudi kwa Kamande baada ya mavuno. Aliishi na mkwewe kwa adabu, akimpikia na kumwamkia. Mimba ya pili ilipokomaa, alienda kujifungulia kwa mama yake. Waithera alipata habari kwa simu, kupitia Kamande. Alikuwa msichana. Siku ya tatu walimpima, uzito ukawa umeshuka, wakampa maziwa ya kopo kwa kikombe siku nne huku akinyonya, hadi ya mama yakajaa. Kisha Kamande akasita. Kwa desturi mtoto huyu angeitwa Waithera. Chepngeno alikuwa amempa jina la mama yake, Jerotich.

"Jina liko sawa," Waithera akamwambia, akauliza kama mtoto amekojoa leo.

Walimleta Mau Narok akiwa na miezi mitatu, mnene, mashavu yamejaa. Waithera alinawa mikono mara mbili, akaketi. Chepngeno alimweka mtoto mapajani mwake, akavuta kiti karibu, na hakutoka chumbani hadi alipomchukua tena.